Jiwe la Mama Ndani ya Tigithe

Siku ile mtoni tulikuwa kumi na wawili: mimi, mdogo wangu wa kike aliyekuwa kidato cha pili, kitindamimba wetu, baba mdogo, na majirani wanane waliokuja kwa risaga. Risaga ni kazi ya kuitana. Ukiwaita watu wakakupa siku moja, kila mmoja unamrudishia siku moja shambani kwake.

Tulikuwa tunahamia kijiji kipya cha ujamaa, upande wa Kerende, na kila mtu alikuwa na mizigo yake inayomngoja. Kwenye kivuko cha mto Tigithe, gogo la kubebea mizigo lililokokotwa na maksai lilipinduka, jiwe la kusagia la mama likatumbukia kwenye kina. Wazazi wetu walikuwa wameshakufa miaka ya nyuma, baba kwanza, kisha mama. Mimi niliacha shule darasa la tano, na jiwe hilo ndilo lililotulisha: niliwasagia watu ulezi, nikapewa unga. Bila jiwe, mdogo wangu asingerudi shuleni.

Baba mdogo alisema jiwe la marehemu hushikwa kwanza na binti yake mkubwa, kwa hiyo nikazama mimi, na ukanda wa ngozi ya ng'ombe mkononi. Masikio yaliniuma nikarudi juu. Mdogo wangu akanieleza kwamba kadiri unavyoshuka, maji yaliyo juu yako yanaongezeka na kukubana zaidi pande zote. Akaniambia nimeze mate nikiwa njiani kushuka, masikio yafunguke. Nilimeza. Mara ya tatu nikalifunga.

Walipovuta, jiwe lilikuja kirahisi hata wakacheka.

"Jiwe la shemeji limekonda," alisema baba mdogo. "Yatima wamelinyima chakula."

Akawahurumia watu, akawaruhusu watano wakaendelee na mizigo yao. Mdogo wangu alimwomba wasiondoke kwanza. Akajibiwa kwamba shule haijawahi kuvuta jiwe hata moja.

Lilipotokeza juu ya maji, likawa zito kama jiwe jingine. Miguu iliteleza kwenye tope, ukanda ukakatika, likabingirika hadi maji ya kiunoni. Baba mdogo aligeuka akitafuta nani kalegeza mikono.

"Hakuna aliyelegeza, baba mdogo," alisema mdogo wangu. "Jiwe likiwa ndani linayasogeza maji, na maji nayo yanalisukuma kwenda juu. Uzito wa yale maji yaliyosogezwa ndio tuliopunguziwa. Likitoka nje, tunaubeba wote sisi."

Alikuwa amefundishwa hayo kwa Kiingereza. Kila neno alilitafuta kwa Kiswahili, na lilipokosekana akalisema kwa Kikurya.

"Kwa hiyo wale watano?" aliuliza baba mdogo.

"Tungewahitaji sasa."

Tuliunga ukanda. Kwa ushauri wake tukalivuta jiwe likiwa bado limefunikwa na maji, taratibu, hadi chini kidogo ya mto, ambako ukingo ni mchanga na haukuinuka sana. Hapo nikawaacha wamelishikilia, nikaenda kuwafuata wale watano mwenyewe. Niliwakuta wameshajitwika. Hakuna aliyekataa. Mkubwa wao alitua kitanda chake chini, akapangusa jasho.

"Binti yangu, ukiita mara mbili, umeita mara mbili."

Nikamwitikia kwamba nimesikia.

Kwa majirani wote wanane pamoja nasi lilipanda, likiegemea magogo, na jua lilikuwa bado halijashuka. Juma lililofuata mdogo wangu alirudi shuleni na unga wa njiani, ukiwa umesagwa juu ya jiwe hilo.

Mimi nilibaki na siku kumi na tatu za watu. Baba mdogo hakuzitaja zile tano za ziada, nami sikumuuliza, kwa kuwa tulilala kwake hadi nyumba yetu iezekwe. Nilisaga alfajiri, nikapalilia kwa watu hadi mchana, nikarudi kusaga tena. Mgongo ulizoea kuuma. Mvua zilipokatika nilikuwa nimelipa siku nane. Tano zilibaki, na ulezi wangu mwenyewe ulikuwa umezidiwa na magugu.