Risasi Imekataa Kutoka Kwenye Kalibu

Leo baba mkwe amenikuta uani na risasi.

Risasi ya kuyeyusha, jamani. Tulieni.

Nilikuwa nimechomelea kalibu yangu mwenyewe ya kumiminia, kwa vyuma chakavu, nipate matofali madogo ya risasi ya kuwauzia wavuvi wa Matema, wayafanye vizito vya nyavu.

Nikamimina mbele yake. Ikapoa vizuri, inang'aa.
Nikageuza kalibu ili aone kazi ya mkwe wake.

Haikutoka.

Nikagonga kwa nyundo. Nikagonga tena. Mke wangu akatoka jikoni, akatazama, akarudi jikoni.

Kumbe kuta za kalibu nilizisimamisha wima. Zinatakiwa zitanuke kwa juu, la sivyo risasi inang'ang'ania humo humo. (Sasa najua.)

Baba mkwe, mzee wa Kilolo asiye na maneno mengi, akanyanyua kalibu na risasi yake.

"Zito tofali hili."
"Ndiyo, baba."
"Halitoki?"
"Bado, baba."
"Basi liache. Mlango wa ghala langu unasumbuliwa sana na upepo."

Ameondoka nalo kwa basi la mchana, kalipakata.

Mke wangu kampigia mama yake, kasema nimewatengenezea zawadi.

Mama mkwe ameshukuru sana. Anaulizia na la mlango wa jikoni.

Mngekuwa ninyi mngemjibuje?