Kesi Niliyoivalia Kitenge Kipya

Nakumbuka asubuhi moja hapa mjini Baraka, nikipiga pasi kitenge kipya ili niende mahakamani kubishana na mume wangu.

Mwanangu, mume wangu ndiye aliyeomba talaka. Alitaka tuachane kwa kukubaliana: binti yetu abaki nami, nyumba iwe yangu, karo alipe yeye. Hakimu angetusikiliza, ahakikishe hakuna aliyelazimishwa, yaishe. Nilikataa. Nilikuwa nimemaliza chuo juzijuzi, kichwa kimejaa maswali: mbona anatoa vyote kwa upole hivi? Anakimbilia wapi? Nilijua wapi. Kulikuwa na mwanamke huko Kazimia, muuza ndagala, wale dagaa wa ziwani, na kila nilipoona ndagala sokoni nilimwona yeye.

Basi nikaipinga talaka, nikadai ndoa ingali hai. Kesi ikaahirishwa, ikarudi, ikaahirishwa tena. Kila mara nilisuka nywele upya, maana ndizo siku pekee nilizokaa chumba kimoja na mume wangu. Yule wa Kazimia hakuwa na siku hizo.

Asubuhi ile, shangazi aliyenilea alinikuta nikipiga pasi. Akanikumbusha kwamba siku hiyo mama mkwe angeitwa kutoka Lweba atoe ushahidi dhidi yangu, yeye aliyenikanda nilipojifungua. Kisha akauliza taratibu:

"We mutoto, unataka mwanaume, ao unataka tu mwenzako asimupate?"

Nikajibu kwamba ni haki yangu.

"Haki gani? Nyumba iko yako, mutoto iko wako. Yule anauza ndagala, we unauza siku zako."

Nilikwenda na kitenge changu, nikamwambia hakimu nimekubali talaka. Tulipotoka, mume wangu alipanda pikipiki ya kuelekea kusini, Kazimia, wala hakugeuka. Wivu haukuisha, mwanangu. Uliniuma muda mrefu. Lakini mama mkwe hakusimamishwa kunisema, na hadi leo binti yangu huenda likizo kwake.

Maji yakimwagika hayazoleki. Ukinyimwa watoto, nyumba au jasho lako, pinga, wala usikubali kwa kuona haya. Lakini ukiwa umepewa haki zako zote na moyo bado unatafuta kesi, jiulize unamfunga nani, maana kamba hiyo ina ncha mbili.

Mungu akupe ndoa yenye amani. Na ikivunjika, akupe mkono wa kuachilia.