Sarafu Isiyo na Picha Upande Mmoja

Mnisamehe mwandiko na makosa, shule niliishia darasa la saba. Miaka mitatu natafuta sarafu ya majaribio, zile chache zinazotengenezwa kabla ya sarafu zenyewe kutoka, nyingine zikiwa na picha upande mmoja tu. Juzi nikaokota moja kabatini kwetu Zinga, upande mmoja hauna picha kabisa. Nikamwita Mzee Seif, mkusanyaji wa sarafu kutoka Bagamoyo.

Akaikagua kwa lenzi. "Mwanangu, hii sijapata kuiona."

Mama akaleta kahawa, akachungulia.

"Si ile uliyoisugua barazani ukiwa darasa la pili, nikakuchapa?"

Mzee Seif akaweka lenzi chini. "Kumbe kiwanda chenyewe kiko Zinga."

Sarafu ninayo bado, naipenda. Nawe uliyewahi kuumbuliwa na mama mbele ya mgeni, niandikie, nisiwe peke yangu.