Chumvi Tuliyoilisha Ardhi

Garaji yetu ya mtaa wa Vulamba ilinuka mafuta ya gari hata baada ya gari lenyewe kuondoka. Wanajeshi walikuwa wamelichukua lori la baba miezi michache baada ya vita kufika Butembo, na kilichobaki ni doa jeusi sakafuni na harufu ile nzito iliyotupokea kila tulipofungua mlango. Baba, aliyekuwa dereva tangu ujana wake, alizoea kuingia humo asubuhi na kukaa juu ya gurudumu kuukuu, mikono magotini, kama mtu anayengoja abiria. Mama alimwacha hivyo kwa muda. Kisha siku moja akasimama mlangoni na kapu la mihogo mikavu kichwani, akamwambia, “Baba Kavira, garage bila gari ni nyumba ya panya. Tuweke moulin humu.”

Kavira ni mimi, mtoto wao wa kwanza. Nilijua vizuri kwa nini alitaka kinu cha kusagia. Kinu pekee kilichokuwa kikifanya kazi kilikuwa ng’ambo ya mto, na njiani palikuwa na kizuizi cha askari. Wanawake walivuka na mihogo, wakarudi na unga, na unga ule ukapunguzwa kizuizini, mara nyingine kwa maneno machafu, mara nyingine kwa kofi. Mama alikuwa amerudi siku moja na kapu tupu na shavu lililovimba. Aliosha uso, akapika viazi.

Baba alisafiri hadi Beni, ambako kiwanda kimoja cha kahawa kilikuwa kimefungwa kwa sababu ya vita, akauza baiskeli yake na kununua mota kubwa ya umeme pamoja na kinu chake. Alivileta ndani ya lori la rafiki, vimefichwa chini ya mikungu ya ndizi. Umeme tulikuwa nao kidogo: bondeni palikuwa na turbini ndogo iliyozungushwa na maji ya mto, na kila nyumba ya mtaa ilipata taa moja au mbili. Waya za taa zilikuwa nyembamba kama kamba za viatu. Mota ile ingeziyeyusha. Ndipo akaitwa Kambale, binamu wa baba, aliyewahi kuwa fundi katika kiwanda kile cha Beni. Alisema panahitajika kebo nene, ya peke yake, kutoka kwenye turbini mpaka garaji, tena izikwe, maana waya wa juu ungekatwa na watu wanaouza shaba. Kidole kimoja hakivunji chawa: majirani walikuja na majembe, wanaume kwa wanawake, wakachimba mtaro mlima mzima, udongo mwekundu ukiwapaka mpaka nyusi. Baba alikuwa mbele yao. Tulimsikia akiimba, jambo ambalo hatukuwa tumelisikia tangu lori lichukuliwe.

Ugumu ulikuja mwishoni. Kambale alipigilia nondo ndefu ya shaba nyuma ya garaji, akaifunga waya uliotoka kwenye chuma cha kinu, wa kuuteremsha umeme ardhini endapo ungepotea njia. Kisha akaomba makaa na chumvi, nyingi, ya kuchanganya na udongo kuizunguka nondo ili ardhi iupokee umeme vizuri. Makaa tulikuwa nayo. Chumvi ilikuwa dhahabu. Barabara ya Kasindi, iliyotuletea chumvi kutoka Uganda, ilikuwa imefungwa, na mfuko uliokuwa jikoni kwetu ndio tuliotegemea. Nyanya, mama yake baba, aliukumbatia kifuani.

“Hii chumvi ni ya batoto,” alisema. “Udongo haina kinywa.”

“Mama,” mama akamjibu kwa sauti ya chini, “banamuke batakuya hapa na miguu ya maji, batashika ile chuma. Mumoja akikufa, tutamwambia nini bwana yake?”

Nyanya alitazama nondo, akamtazama mama, akaachilia mfuko. Wahenga walisema tahadhari kabla ya athari, lakini hawakusema tahadhari ina ladha gani. Mimi naijua: ni ladha ya sombe, mboga ya majani ya mihogo, isiyo na chumvi, siku baada ya siku, tukiimeza kwa macho yaliyofumbwa.

Siku ya kuwasha, mvua ilikuwa imenyesha na foleni ya wanawake ilifika barabarani. Kambale alibonyeza swichi. Taa za nyumba jirani zilififia kidogo, kisha zikarudi, na kinu kikanguruma hadi vifua vyetu vikatetemeka. Vumbi jeupe likajaa hewani. Wanawake walipiga vigelegele. Mama alikuwa ameegemeza mkono kwenye chuma cha kinu, akimimina mahindi, miguu yake peku ikiwa imelowa, mara tukasikia “tak!” na kila kitu kikanyamaza. Disjoncteur, ile swichi ya usalama, ilikuwa imekata umeme yenyewe. Kambale alifungua mota akakuta waya mmoja umechunwa na mtetemo, shaba yake imegusa chuma kilekile alichokishika mama. Aligeuka, uso umempauka.

“Bila ile terre,” alisema akielekeza kidole kwenye nondo nyuma ya garaji, “sasa tungekuwa tunalia.”

Nyanya alipenya katikati ya watu, akamshika mama mkono, akaugeuza kiganja juu na chini kama anayekagua mtoto mchanga.

“Sombe bila chumvi nilimeza,” alisema. “Kuzika mukamwana, hapana.”

Waya ulifungwa upya, na kabla ya jua kutua kila kapu lilirudi nyumbani limejaa. Tangu siku hiyo wanawake wa mtaa wetu hawakuvuka tena kizuizi kwa ajili ya unga, na mama wakamwita Mama Courant, yaani Mama Umeme.

Leo ninaishi Beni. Vita vimebadilisha majina, havijatuacha. Umeme, hata hivyo, umesambaa. Vijana hufunga mashine kubwa kuliko ile yetu kati ya asubuhi na chakula cha mchana, na hakuna jirani anayeitwa na jembe. Nimesoma, nina ofisi na kiti kinachozunguka. Mwezi uliopita, sokoni, muuza ndizi mmoja mzee aliniuliza mimi ni wa nani, nikamtajia Vulamba na jina la baba. Alifikiri kidogo, kisha akaacha ndizi zake, akanishika mikono yote miwili. “Weye mutoto ya Mama Courant!” Hakuna aliyewahi kuniita kwa jina la kazi yangu. Nilisimama pale, katikati ya soko, nikamjibu kwa sauti ili na wengine wasikie: “Ndiyo. Ni mimi.”