Mitiki Iliyoungua ya Mama Zaina

Siku yangu ya kwanza kazini, katika kitalu cha miche pale Arua, Uganda, Ofisa wa Misitu alinionyesha mtiki usio na jani hata moja. "Hii iko hai ama imekufa?" Nikajibu bila kusita kwamba umekufa. Akacheka mpaka akakohoa. Kumbe wakati wa kiangazi mtiki huangusha majani makusudi, maana maji mengi hupotea kupitia majani hayo. "Miti haina miguu ya kukimbia jua," akaniambia, "inajitetea pale pale iko."

Basi nikajifunza. Mvule ukijeruhiwa hutoa utomvu mweupe wa kuziba kidonda na kuwakera wadudu. Mtiki huweka akiba ya chakula mizizini, chini ambako moto haufiki. Hilo la mizizi ndilo lililonijengea jina, na nitajisifu. Nimeshazeeka, nisipojisifu sasa nitajisifu lini?

Nilikuwa nimehamishiwa Koboko. Huko Lurujo aliishi Mama Zaina, mjane wa askari, aliyepanda mitiki ili siku moja awajengee wanawe nyumba imara. Kiangazi kimoja moto wa wawindaji ukapita shambani mwake, ukaacha vijiti vyeusi vitupu. Nikakwangua gome karibu na ardhi, nikaona ubichi. Nikamwambia tukate yote, chini kabisa.

"Wewe mutu gani!" akafoka. "Moto imekula, sasa na wewe unakuja kumaliza mabaki?"

Nikamweleza kwamba shina lililoungua litaila akiba ya mizizi bure, lakini tukilikata, mizizi itasukuma chipukizi jipya lililonyooka. Akaninyooshea kidole.

"Mvua ikinyesha na mimi sioni kitu, usikanyage hapa tena."

Kisha akaninyang'anya panga akakata mwenyewe, machozi yakimtiririka. Safu moja tu ya ukingoni aliiacha, kwa ukaidi.

Mvua ziliponyesha nilikwenda Lurujo roho mkononi, siwafichi. Lo! Kila kisiki kilikuwa na machipukizi, majani mapana kama sinia. Tukapunguza, tukabakiza moja lenye nguvu kwa kila kisiki. Ile safu iliyoachwa ilitoa vitawi dhaifu vilivyopinda huku na huku. Mama Zaina alipiga vigelegele mpaka waendesha bodaboda wakasimama barabarani kuuliza nani kaolewa.

Sasa nimestaafu, na vijana huniuliza kazi yetu ilikuwa na faida gani. Mimi huwapeleka Lurujo. Juzi tulikaa sebuleni kwa Mama Zaina, chini ya paa lililobebwa na mitiki ile ile. Kijana mmoja akataka kujua kama kweli ni mimi niliyeiokoa. Nilikuwa tayari nimeshavuta pumzi ya kuanza kusimulia.

"Huyu?" Mama Zaina akanikata kauli. "Huyu alikuja na maneno tu. Mimi ndio nilikata miti yangu nikilia."

Pumzi ile nikaitoa kwa kicheko. Alikuwa amesema kweli tupu, na nilijisikia fahari kuliko siku zote za kazi yangu.