Mwanamuke wa Ndani ya Ukungu

Papa Nestor Dusabimana alitengeneza fromage, ile jibini ya maziwa ya ng'ombe, maisha yake yote ku vilima vya Masisi, mupaka harufu ya maziwa ikamufuata hata ku misa. Wakati alipata retraite ya uzee, kiwanda cha fromage kikamupatia saa ya ukuta, yenye ilikufa mbele aifikishe kwake, na carte ya mutuelle, bima ya matunzo, yenye ilisema macho na meno yake yatatunzwa bure mupaka kufa. Meno ilikuwa imeshaisha. Kulibakia macho.

Na macho njo yalianza kufunikwa. Ukungu wa asubuhi wa kwetu tunaujua wote, unaweza kukamua ng'ombe ya jirani ukifikiri ni yako. Lakini ule wa Papa Nestor haukuondoka na jua. Mimi jirani yake, Mama Solange, nilimukuta akisalimia mugomba: "Bonjour, Padiri." Mugomba haukujibu, lakini uliinama kidogo.

Kisha, mule ndani ya ukungu, akaona mutu.

"Mama Solange, iko pale."

"Nani?"

"Athanasie. Unaona vile anashika mulango?"

Athanasie ni bibi yake wa ndoa, mwenye tulizika ku mwisho wa shamba la maharagi, ule mwaka wa mvua ya mawe.

"Papa Nestor, ule ni shuka yako yenye unaanika."

"Shuka yangu haipumue."

Nikaangalia kamba. Shuka ilikuwa imeshaanuliwa.

Tangu pale, kila asubuhi alimuwekea Athanasie maziwa mu chombo chake cha muti, karibu na kitanda, vile wazee wetu walifanyia wafu wao. Katekista hakuambiwa. Ikifika saa sita, chombo ni kikavu. Mimi nilisema ni paka. Papa Nestor hana paka.

Maziwa yenye ilibakia mu ndoo alijitonesha ku macho, kwa sababu mama zetu walitufundisha vile. Macho ikazidi kufungika, ikaanza na kutoa usaha.

Waganga wa macho wa mutuelle wakafika Masisi, mimi njo nilimuvuta kwa mukono. Muganga Francine akamumulika na kitochi.

"Papa, ni cataracte, mutoto wa jicho. Maziwa haisaidie kitu, inaleta tu maambukizo. Tunaponyesha usaha kwanza, kisha tunakupasua, utaona."

"Nitaona yote?"

"Yote."

"Na chenye niko naona sasa?"

"Kile kitaisha, papa. Ni ukungu tu."

Papa Nestor akasimama, akatafuta kofia yake, akavaa mufuko wa muganga ku kichwa, akatoka.

"Umesikia?" akaniambia mu njia. "Wanataka kunifukuzia bibi."

"Ukibakia kipofu, nani atakupikia?"

"Atanipikia yeye."

Basi njo vile ilifanyika. Siku moja Athanasie akamunyooshea chakula. Papa Nestor akainua mikono miwili apokee, akakumbatia nyungu yenye ilikuwa inachemuka juu ya mafiga. Nilisikia kilio tangu kwangu. Nikakuta ngozi ya mikono imebakia ku nyungu.

Mikono ilipopona, akakubali kupasuliwa. Asubuhi ya kuondoka kwenda ku hospitali akasimama akiangalia mulango, kofia mu mukono.

"Athanasie, usinikasirikie. Siwezi kukuangalia na kupika pamoja."

Akangojea. Mimi pia nikangojea, niseme ukweli. Mulango ulikuwa wazi na hakukuwa upepo, lakini ulijifunga polepole, vile mutu mwenye adabu anafunga.

Wakapasua jicho moja, na lilipopona wakapasua la pili. Siku ya kutoa bandeji ya mwisho nilikaa mbele yake.

"Mama Solange! Njo umezeeka hivi?"

"Jiangalie kwanza ku kioo, baba."

Akacheka. Kisha akaangalia juu ya bega yangu, ku mulango wa chumba, wenye haukuwa na mutu. Akaangalia sana. Kicheko kikamukauka ku mudomo, macho ikaanza kujaa maji.

"Papa, hapana kusugua," Muganga Francine akasema. "Jicho iko na kidonda bado."

Papa Nestor akashika magoti na mikono yake ya makovu. Machozi ikatiririka yenyewe, naye hakuigusa.

Inje Patient, motard wetu, alikuwa anangojea ku moto, pikipiki yake. Akatuangalia, akakunja uso.

"Papa Nestor, watatu hapana. Barabara ni matope."

"Tuko wawili."

"Na ule mama mwenye kitambaa cheupe, nyuma yako?"

Papa Nestor akageuka. Na macho yake mupya akaona barabara, majani, ng'ombe mwekundu mwenye doa ku uso, hata nzi ku sikio la ng'ombe. Lakini hakumuona Athanasie. Mimi pia sikumuona.

"Iko ananiangalia?" akauliza, sauti chini.

"Ndiyo, papa."

"Amekasirika?"

Patient akachungulia tena.

"Hapana. Anakaza kitenge, apate kupanda."

Papa Nestor akanisukuma mbele, karibu nimukalie motard ku mugongo. Yeye akakaa mwisho kabisa, ku chuma, akaacha nafasi katikati. Tukapanda kilima polepole sana. Moto ilikuwa nzito.