Kinachosema Subiri

Fundi simu wa mtaani kwetu ana ukucha mmoja mrefu wa kufungulia simu, na neno moja asilolivumilia: "imekufa." Nilimpelekea simu kuukuu ya mama pamoja na spika yake ya kuongea, inayomsomea habari tangu macho yalipofifia. Programu ya simuni ya kuiendesha spika hiyo ilikuwa ikizungusha duara tu na kuandika "Subiri." Nikasema dukani wameniambia simu imekufa, ninunue mpya. Akakipuliza kioo, akakipangusa kwa upindo wa gauni lake. "Hao wanauza, hawatibu. Maiti haisemi subiri, mwanangu. Huyu amebebeshwa." Akaanza kuitua mizigo: michezo ambayo mama hajawahi kuicheza, picha mia nne za salamu za asubuhi, takataka za programu yenyewe. Kila alipofuta alisema "Toka!" kana kwamba anafukuza kuku jikoni. Akaizima, akaiwasha. Duara likazunguka, likasita, likatoweka, na spika ikawaka taa: "Nikusaidie nini?" Fundi hakuinua hata macho. "Wewe nawe subiri," akaijibu. "Mkubwa wako anavuta pumzi."